Aliyenunua Kinanda

Timboroa,
3 Machi 2025

Kwa dadangu Waiyego,

Salamu. Sisi tuko, baridi ni ile ile, na waru zimefanya vizuri, viazi vikubwa kama ngumi. Barua hii inakuja na lori la Joash pamoja na gunia lako. Usinitafute kwa simu. Tangu nishikwe kwa zile meseji za vitisho nilizomtumia Muchiri, laini yangu niliitupa chooni na sitaki nyingine. Joash hushuka Eldoret kila Jumatatu na si mtu wa kufungua vitu vya wenyewe.

Kesi ya Baba imekufa. Kati ya wote walioandikisha ushahidi, hakuna hata mmoja aliyefika kortini. Wameogopa, au wameona aibu, sijui. Muchiri alitoka akinyoosha tai. Alinipita karibu hivi, mpaka nikanusa sabuni yake.

Wewe siku ile hukuwa Chepsaita. Ulikuwa kwenye masomo yako ya muziki, kwa hivyo usiku unaweza kulala. Mimi nilifika. Muchiri alikuwa amesimama kwenye veranda ya duka lake, ng'ambo ya barabara kutoka kwa duka la Baba, akipiga kelele kwamba Mzee Mburu anaficha ng'ombe wa wizi nyuma ya stoo. Hakukuwa na ng'ombe. Kulikuwa na mtu ambaye wateja wake walikuwa wamehamia kwa Baba, basi. Watu walitoka shambani na majembe. Nilimkuta Baba chini, meno yametoka, mkono umegeuka nyuma, na bado anawaita kwa majina yao, maana wote walikuwa wateja wake. Nilishikwa na wanaume nisimfikie. Aliyemmaliza alitumia lile jiwe letu la kuzuia mlango wa duka. Muchiri hakurusha hata jiwe. Alianza tu, kisha akakunja mikono akatazama.

Nitamuua. Nakwambia wewe peke yako kwa sababu kwa Baba tumebaki wawili. Nasikia amehamia Eldoret na ameokoka. Nisaidie jambo moja tu: anasali wapi?

Ni mimi kaka yako,
Irungu

*

Kapsoya, Eldoret,
9 Machi 2025

Baba Mburu,

Asante kwa waru. Nusu ya gunia ilikuwa matope, lakini nimekuzoea, wewe umeuza matope kwa kilo tangu tuko wadogo.

Swali lako nimelisoma. Sijui anasali wapi. Eldoret ni kubwa na makanisa ni mengi kuliko maduka. Hata ningejua, nisingekwambia, na ukasirike ukitaka. Ulimpa mtoto wako wa kwanza jina la Baba kama desturi inavyotaka. Mburu mmoja tumemzika. Mwingine yuko hapo mezani kwako anakula uji. Ukifungwa maisha, huyo atalelewa na nani? Nilimlilia Baba mpaka sauti ikakauka, Irungu. Sina machozi mengine ya kukulilia wewe.

Wacha nikupe habari nzuri, uone kama bado unaweza kucheka. Kanisa letu limepata kinanda kipya, cha jukwaani, chenye ogani ndani yake. Pasta Kigen alinipa boksi nilifungue mwenyewe. Kwanza nilifungua stendi, ile ya chuma yenye miguu ya kupishana, nikaibana vizuri, maana nimewahi kuona kinanda kikianguka katikati ya sadaka. Halafu nikaweka kinanda, nikaunga adapta, nikaunga waya wa spika, na pedali chini. Nikawasha nikiwa nimekanyaga pedali kwa furaha. Kumbe pedali hujipima wakati wa kuwasha! Ikageuka: nikikanyaga sauti inakatika, nikiachilia inaendelea kulia bila kukoma. Pasta akafikiri nimeharibu. Nikazima, nikatoa mguu, nikawasha tena, kikatulia.

Sehemu ya ogani ina vijiti vya kuvuta. Ukivuta vya kushoto unapata ngurumo inayoingia tumboni, ukivuta vya kulia inakuja kama mluzi. Kuna kitufe cha kuzungusha sauti. Pasta akiomba polepole naizungusha polepole, akipanda naiachilia kwa kasi na watu wote wanainuka. Nimekigawa: mkono wa kushoto besi, wa kulia ogani. Baba angesikia angefunga duka aje.

Ila lile jengo letu ni la zamani. Siku ya kwanza nilishika stendi nikarushwa mpaka kwenye viti. Mkono ulikufa ganzi mpaka jioni. Kituyi, fundi wa stima, alisema nyaya za ukutani zimechoka, stima inatoroka inapita kwenye chuma, na kwamba Mungu alinihurumia kwa sababu nilikuwa na viatu vya raba. Ameshatengeneza. Sasa nashika bila woga.

Nisalimie Mama Mburu na watoto. Na utupe huo wazimu.

Dadako,
Waiyego

*

Timboroa,
17 Machi 2025

Waiyego,

Nilikuuliza habari za mtu, umenijibu habari za vijiti.

Jumamosi kulikuwa na mjinga mmoja hapa kwenye yadi ya mbao, akasema moto hauwaki bila kitu, labda mzee alikuwa na hao ng'ombe. Nilimpiga na kipande cha mbao mdomoni. Taya lilivunjika nikasikia. Alipoanguka nilimwongeza, na ningeendelea kama hawangenishika. Nilipofika nyumbani nilikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu kesi ife.

Panga nimelinoa. Muchiri nitampata, uniambie usiniambie. Wewe endelea na ogani yako.

Irungu

*

Timboroa,
24 Machi 2025

Wifi yangu Waiyego,

Mimi ni Eddah. Nimempa Joash barua hii nikiwa nimeificha kwenye kitambaa cha chapati, maana Baba Mburu akijua nimekuandikia atanimaliza.

Mambo si mazuri. Analala na panga chini ya godoro upande wake. Akiota anapiga, na anayekuwa karibu ni mimi. Jicho langu la kushoto bado halifunguki vizuri. Juzi alikuwa anaongea na ukuta, anasema, "Walimuua Mburu, walimuua Mburu," na mtoto akasikia. Akaja jikoni akaniuliza, "Mum, kwani mimi wataniua lini?" Baba yake alipomkuta analia akamchapa na mshipi, ati anajifunza uoga.

Huyu si mwanaume aliyenioa. Yule alikuwa anaimba akipanda waru. Huyu amekufa siku moja na baba yake, ni mwili tu umebaki unatafuta pa kuanguka. Akimuua huyo mtu watamfunga. Asipomuua, sisi ndio tutauawa humu ndani. Nimekaa hapo katikati, Waiyego, na sioni mlango.

Baba Mburu hukusikia wewe tu. Tafadhali fanya kitu. Chochote.

Ni mimi,
Mama Mburu

*

Kapsoya,
31 Machi 2025

Mama Mburu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini. Pole. Pole sana mama. Weka maji baridi kwenye jicho, na mtoto mwambie shangazi yake amesema hakuna mtu atakayemgusa.

Sasa sikiliza, na ukimaliza kusoma, karatasi hii uichome. Nilimdanganya Baba Mburu. Muchiri anasali hapa hapa kwetu. Kile kinanda ni yeye aliyekinunua. Pasta Kigen hakuniambia mpaka nilipokuwa nimekipiga Jumapili mbili na vidole vyangu vimekipenda. Nilienda nyuma ya kanisa nikatapika. Nikarudi nikakipiga tena, kwa sababu watu walikuwa wanangoja wimbo. Huyo mtu huketi mstari wa mbele. Hufunga macho nikipiga. Huniita "binti yangu".

Jumapili ya tarehe sita kinanda kitawekwa wakfu, na Pasta ameamua iwe pia siku ya mapatano. Anataka nimpe Muchiri mkono mbele ya kanisa zima. Pasta ni mtu mzuri, anadhani kinanda kinaweza kufanya kazi ambayo korti imeshindwa. Mimi nimemwambia sawa.

Desturi yetu hapa unaijua. Kitu kikiwekwa wakfu, aliyekitoa ndiye hukishika wa kwanza, anakishika kwa mikono miwili pamoja na stendi yake watu wakiomba, kisha anakiwasha. Siku hiyo, kikishapangwa, mpaka hapo hakuna mwingine anayekigusa, hata Pasta. Mimi ndiye hupanga vyombo asubuhi. Mimi ndiye wa mwisho kuvishika kabla yake.

Mambo ya Muchiri niachie mimi. Sina mume, sina mtoto wa kuniuliza nimekwenda wapi. Baba Mburu ana nyinyi. Kazi yako ni moja: Jumapili hiyo asitoke Timboroa. Ficha viatu, jifanye mgonjwa, fanya unavyojua. Ni Jumapili hiyo moja tu. Baada ya hapo atapumzika, nanyi mtapumzika.

Usimwambie kitu. Na usiniulize kitu.

Waiyego

*

Timboroa,
5 Aprili 2025

Waiyego,

Leo asubuhi mke wangu alianza kuumwa na tumbo. Nikatafuta viatu niende kumwita daktari, nikavikuta kwenye pipa la unga. Nilimshika shingo mpaka akasema ni wewe uliyemwagiza anizuie Jumapili. Zaidi ya hapo hakusema hata nilipozidi kuikaza. Basi nikaenda kwa Joash nikamuuliza kesho kuna nini Kapsoya. Joash akashangaa kwamba sijui. Ati mji mzima unajua. Muchiri anaweka wakfu kinanda alichokununulia, na wewe utampa mkono, mpigiwe makofi.

Ulinichekesha na pedali. Uliniandikia vijiti na ngurumo na mluzi, na kila kijiti ulichovuta kilikuwa jino la Baba. Mimi hapa sili, silali, nimewageukia watoto wangu kama mnyama, na wewe unakaa mbele ya yule mtu unamzungushia sauti polepole anafunga macho! Amekununua kwa mbao na plastiki. Angalau wale wa Chepsaita walikuja na majembe mchana, uso kwa uso.

Nakuja kesho. Joash amekubali kunileta, nimemwambia naja kushuhudia mapatano. Kinanda kwanza, ukiwa unaangalia. Nitakiinua nikipasue sakafuni mbele yako, usikie ogani ikilia mara ya mwisho. Halafu yeye. Baada ya hapo wanifunge, wanipige risasi, watajua wenyewe.

Barua hii naiacha kwa lori iende Jumatatu na mizigo mingine. Utaisoma mambo yakiwa yamekwisha. Nataka tu uwe nayo kwenye maandishi: sina dada.

Irungu

*

Timboroa,
9 Aprili 2025

Waiyego,

Mwili wa mume wangu nimeuosha mwenyewe. Mikono imeungua mpaka mfupa ukaonekana. Vidole vilikuwa vimejikunja kama bado vimeshika kitu, na nilivikunjua kimoja kimoja nikashindwa na viwili. Atazikwa hivyo.

Joash amenieleza yote, maana alikuwa mlangoni. Kwamba mvua ilikuwa imenyesha na Baba Mburu aliingia na gambuti zilizopasuka, zimejaa maji. Kwamba alimkata mlinzi wa mlango mkononi na damu ikaruka kwenye ukuta. Kwamba watu walikimbilia madirishani, akina mama wakakanyagana, na Muchiri akabaki amesimama pale mbele, ndio alikuwa anaitwa aje kukishika kinanda. Baba Mburu angeweza kummaliza hapo hapo. Hakummaliza. Alitupa panga chini akakiendea kinanda.

Na wewe ulipiga kelele. Joash anasema hajawahi kusikia mtu akipiga kelele hivyo. Ulisema, "Usiguse kinanda! Irungu, usiguse kinanda!" Anasema Baba Mburu alikugeukia akakuangalia na akacheka, kisha akakishika kile chuma cha stendi kwa mikono miwili.

Ati alitetemeka kwa muda mrefu. Ati kulitoka harufu. Ati ulitaka kumrukia na Pasta Kigen akakushika kiuno, na Muchiri ndiye aliyechukua benchi ya mbao akampiga nayo mpaka akaachana na chuma. Muchiri! Mtu aliyemuua baba yake ndiye aliyehangaika kumwokoa, na dada yake alikuwa anahangaikia kinanda.

Mtu ameingia na panga, Waiyego. Kuna damu kwenye ukuta. Kaka yako amechanganyikiwa, yuko mbele yako, amelowa, ana njaa. Na neno lililotoka mdomoni mwako ni kinanda? Hukumwambia hata "Baba Mburu, watoto wako." Hukumwambia hata "Nakupenda." Nilikubembeleza ufanye kitu. Nilificha viatu nikanyongwa shingo kwa ajili yako, nikidhani unaenda kumsamehe huyo mtu ili sisi tupumzike. Nilinyamaza.

Watu huku wanasema Mungu amempiga kwa kuingia na panga kanisani. Wengine wanasema ni stima mbovu ya lile jengo, na kwamba Kituyi fundi amejificha kwa sababu wanataka kumchoma. Kanisa lenu limetuma ujumbe ati litaleta kinanda mazishini, upige. Kikiletwa nitakipasua kwa shoka. Na wewe usije.

Mama Mburu

*

Kapsoya,
11 Aprili 2025

Mama Mburu,

Joash ameniletea barua yako, ingawa leo si Jumatatu. Ile ya Irungu ilifika Jumatatu, alipokuwa ameshalala mochari. Nimeisoma mara nyingi. Sitajitetea, lakini kuna jambo ni lazima ulijue, na ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwenye redio.

Kituyi hana makosa. Nyaya alizitengeneza vizuri na zilikuwa nzima. Jumapili asubuhi mimi nilifungua alichofunga. Niliirudisha stima kwenye kile chuma kwa mikono hii inayoandika, nikamwaga maji pale mtu anaposimama, kisha nikajisimamisha hapo karibu, nimeweka uso wa ibada, kuhakikisha hakuna mtoto wala mzee atakayekigusa kabla ya Muchiri. Nilikuwa nimehesabu kila mtu. Pasta, wazee, wanakwaya. Hakuna ambaye angevunja desturi. Wa kukishika alikuwa mmoja tu, na nilikuwa tayari kwenda jela kwa ajili yake.

Nilitaka Irungu asiue. Uliniambia nifanye chochote, nami nikaona chochote ni hicho: nimuue mimi, yeye alee Mburu. Sikumwambia kwa sababu angenizuia, au angetaka awe yeye. Nilimficha ili nimwokoe, na kwa kumficha akaniona msaliti, na kwa kuniona msaliti akakishika.

Nilipoliona panga sikuogopa hata kidogo. Nilifikiri, akimkata Muchiri basi amemkata, tumeshindwa, ataishi jela lakini ataishi. Halafu akalitupa panga akageuka. Ndipo nikapiga kelele. Kanisa zima lilisikia mwanamke anayelilia kinanda, na yeye pia akasikia hivyo. Nilipaswa kusema "kuna stima". Ni maneno mawili. Yalikuwa hapa mdomoni, na sikuyasema, kwa sababu kuyasema ilikuwa ni kujitaja. Alinicheka, Mama Mburu. Alikufa akiamini nilimpenda zaidi Muchiri na plastiki yake.

Jana Muchiri alikuja hapa kunipa pole. Ana majeraha viganjani, yale ya kuishika ile benchi kwa nguvu. Alilia kwelikweli, kamasi ikamtoka, akasema hajui ni kwa nini Mungu amemwacha yeye na kumchukua Irungu. Mimi nilijua. Alininyooshea mkono, ule ambao Pasta alitaka niupokee mbele ya watu. Huyu alianza jambo akakunja mikono akatazama, na mimi pia. Nikaushika.

Nikimaliza barua hii nampa Joash, kisha naenda kituo cha polisi, wamwache Kituyi. Mazishini sitakuja. Mwambie Mburu mdogo kwamba yule aliyemuahidi hakuna mtu atakayemgusa ndiye aliyemuua baba yake. Mwambie akiwa mkubwa, lakini umwambie.

Waiyego